Leseni uliyokwisha kuilipia usiuziwe mara ya pili winguni

Mawakala wa kompyuta hawakauki Bombambili siku hizi. Leo utamkuta mmoja kwa muuza vifaa vya ujenzi, kesho yuko kwa mwenye duka la jumla la pembejeo, keshokutwa amekaa kwenye benchi akisubiri kikao cha bodi ya SACCOS kimalizike apewe dakika kumi. Wanakokwenda ni kule ambako hesabu zimekwisha kutoka kwenye daftari na kuingia kwenye mashine, na wimbo wao ni mmoja: "Mzee, hii seva yenu imechoka. Hamisheni kumbukumbu kwenye wingu, mtalipa kidogo kidogo kila mwezi. Umeme ukikatika au mwizi akiingia, hamna hasara."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ukurasa huu hauna ugomvi na wingu. Tunachokitilia shaka ni ankara inayofuata baada ya mkataba kutiwa saini. Ndani ya ankara hiyo mara nyingi kuna kitu ambacho mfanyabiashara alikwisha kukinunua miaka iliyopita kwa fedha taslimu, nacho ni leseni ya kanzidata. Anauziwa tena, na wala hajui kwamba anauziwa tena.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni: ile programu ya hesabu unayoiona kwenye kioo cha kompyuta ni karani tu. Nyuma yake yuko mtunza ghala ambaye humwoni, anayepanga kila risiti, kila deni na kila mfuko wa mbolea mahali pake, na anayekumbuka uliuza nini Jumanne ya mwaka juzi. Huyo ndiye kanzidata. Zinazojulikana zaidi ni SQL Server ya Microsoft, Oracle, MySQL na PostgreSQL. Mbili za mwisho zinapatikana bure. Mbili za mwanzo zinauzwa, tena kwa bei ya kukaza mkanda. Bei ya orodha ya SQL Server 2022, toleo la Standard, ni dola 3,945 kwa kila viini viwili vya prosesa, na huruhusiwi kununua chini ya viini vinne, kwa hiyo mlangoni tu ni dola 7,890. Oracle Standard Edition 2 imeorodheshwa dola 17,500 kwa prosesa moja, na Enterprise Edition dola 47,500. Wakala mzuri hupunguza, lakini hata akipunguza, hicho si kitu cha kununua mara mbili kwa kutojua.

Fikiria mwenye mashine ya kusaga aliyeifunga kwenye kibanda chake mwenyewe. Kibanda kinavuja na umeme wake ni wa wasiwasi. Jirani mwenye jengo zuri anamwambia, hamia kwangu. Kuna namna mbili za kuhamia. Ya kwanza, anaiacha mashine yake kibandani na kukodi mashine ya mwenye jengo. Analipa kodi ya chumba na kodi ya mashine juu yake. Ya pili, anabeba mashine yake, anaifunga pale, analipa chumba na umeme basi. Hatujapata kumwona mwenye mashine wa hapa mjini ambaye angekubali ile ya kwanza bila kuuliza habari za ile ya pili. Kwenye kompyuta tunakubali kila siku.

Ankara ya wingu nayo ni bomba mbili, kama jina la kata yetu. Bomba la kwanza linapitisha gharama ya kompyuta ya kukodi, diski, umeme na watu wa kuitunza. Bomba la pili linapitisha gharama ya leseni ya kanzidata. Ukiwa na leseni yako inayokubalika, bomba la pili linafungwa.

Wenye mawingu wenyewe hawafichi jambo hili, ila hawalitangazi kwa sauti. Huduma ya kanzidata ya Amazon iitwayo RDS ina njia mbili kwa watumiaji wa Oracle: ama leseni iwe ndani ya bei, na hiyo ni kwa Standard Edition 2 peke yake, ama uje na yako, iwe Standard Edition 2 au Enterprise. Oracle kwenye wingu lao wana bei ya mwenye leseni na bei ya asiye nayo. Microsoft wana mpango waliouita Azure Hybrid Benefit. Kwa SQL Server upande wa Amazon mambo ni tofauti kidogo, kwani huduma ya kawaida ya RDS huuzwa leseni ikiwa ndani, na anayetaka kutumia yake hukodi kompyuta tupu na kuifunga kanzidata mwenyewe, kazi yote ya kuitunza ikamrudia.

Sasa tufike penye mwiba. Leseni kuwa yako peke yake haitoshi. Microsoft wanataka iwe na Software Assurance iliyo hai, yaani ile ada inayokupa haki ya matoleo mapya, ambayo kwa kawaida huwa kama robo ya bei ya leseni kwa mwaka. Oracle wana ada yao ya msaada, asilimia 22 ya bei ya leseni kila mwaka. Ukiacha kulipa, leseni haifi pale ofisini. Utaendelea kuitumia kwenye mashine yako bila kikomo. Ila mguu wa kusafiria itakuwa imeupoteza. Tena Software Assurance hununuliwa pamoja na leseni, au huendelezwa kabla haijaisha muda. Ikishakatika huwezi kurudi mwaka wa tatu ukasema nilipe ya nyuma. Unanunua leseni upya. Oracle wanakubali urudi, lakini wanakudai muda wote uliokaa nje kwa kiwango cha asilimia 150 ya ada yako ya mwisho ya mwaka. Mwenye duka aliyeambiwa "hiyo ada ya mwaka siyo ya lazima" alishauriwa vizuri kama angebaki ofisini, na vibaya kama angehama.

Oktoba 1, 2019 Microsoft walikaza kamba zaidi. Leseni zilizonunuliwa tangu siku hiyo bila Software Assurance haziwezi kupelekwa hata kwenye kompyuta ya kukodi ambayo ni ya mteja mmoja peke yake, kwa Amazon, Google wala Alibaba. Zilizonunuliwa kabla ya hapo zina nafuu yake, kwa matoleo yaliyokuwapo wakati huo. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye ankara yako ya zamani ni fedha. Itafute.

Kuna jambo jingine ambalo huwakwaza wengi. SQL Server huuzwa kwa namna mbili: kwa hesabu ya viini vya prosesa, au kwa seva moja pamoja na kibali cha kila mtumiaji, kiitwacho CAL. Maduka madogo hupenda ya pili kwa sababu ni nafuu. Orodha inasema dola 989 kwa seva na dola 230 kwa kila mtumiaji, hivyo ofisi ya watu watano inamaliza kwa dola 2,139. Lakini Azure Hybrid Benefit kwenye huduma ya kanzidata inahesabu leseni za viini. Mwenye seva na CAL anabaki mlangoni, hata kama ada yake ya mwaka hajaikosa hata siku moja. Wakala akikuambia "leseni yenu tutaihamisha, mzee," mwulize ni ya viini au ya CAL. Akikwama hapo, mpe chai aende zake.

Halafu kuna vipimo, na hapa mfanyabiashara wa mahindi yuko nyumbani, maana anaijua lumbesa. Gunia linaitwa gunia na bei inaitwa bei ya gunia, ila kilichomo ndani ni kingine. Winguni kipimo kinaitwa vCPU. Kwenye kompyuta za kukodi za kawaida zenye prosesa za Intel, vCPU moja siyo kiini kizima. Ni uzi mmoja wa kiini chenye nyuzi mbili. Leseni za viini vinne kwenye seva ya ofisini zinatawala viini vinne vizima, nyuzi nane. Leseni hizo hizo zikipelekwa kwenye kompyuta ya kukodi zinahesabiwa vCPU nne, ambazo ni viini viwili. Nusu ya nguvu imebaki njiani na hakuna aliyevunja sheria. Haki isemwe, kuna mahali kipimo kinamfaidi mnunuzi: kiini kimoja cha SQL Server Enterprise chenye Software Assurance kinakubaliwa kwa vCore nne kwenye daraja la General Purpose la Azure SQL. Mwenye Enterprise hapa Bombambili mwandishi hajamwona bado, lakini wapo wenye kampuni Dar es Salaam ambao tawi lao liko hapa.

Tupige hesabu sasa, maana maneno bila hesabu ni ya mawakala. Chukua biashara yenye SQL Server Standard ya viini vinne iliyonunuliwa kwa bei ya orodha, dola 7,890. Software Assurance yake, kwa ile robo, ni kama dola 1,970 kwa mwaka. Upande wa pili, Microsoft wametangaza bei ya kukodi leseni ya Standard kwa saa, senti 10 za dola kwa kila kiini. Viini vinne ni senti 40 kwa saa. Kompyuta ikiwaka usiku na mchana mwaka mzima, saa 8,760, leseni peke yake ni dola 3,504. Gharama za kompyuta na diski ziko palepale kwa wote wawili, kwa hiyo tuziweke kando.

Mwenye leseni na ada iliyo hai anaokoa kama dola 1,530 kwa mwaka akihama na leseni yake badala ya kukodi. Hiyo ni fedha nzuri, na huyu ndiye anayepaswa kugonga meza mbele ya wakala. Lakini yule ambaye ada yake ilikatika, akishawishiwa anunue leseni mpya ya dola 7,890 ili "aje na yake", atachukua miaka mitano na zaidi kuirudisha fedha hiyo kwa akiba ya dola 1,530. Katika miaka mitano hiyo seva itakuwa imebadilika na labda biashara yenyewe pia. Huyo asinunue. Akodi kwa saa.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hazungumzwi kabisa, naye ndiye wengi wetu. Duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Tuseme saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni saa 3,744 kwa mwaka, na kwa senti 40 zinatoa dola 1,498 hivi. Ni chini ya ile ada ya Software Assurance peke yake! Maana yake, duka linalolala usiku linaweza kukodi leseni kwa saa kwa bei ndogo kuliko kuendeleza ada ya leseni ambayo tayari ni yake. Sharti moja: kufunga kioo hakutoshi. Kompyuta ya kukodi lazima izimwe na kuachiwa kabisa kwa mwenye wingu, la sivyo saa inaendelea kuhesabu wewe umelala. Kazi hiyo inaweza kupangiwa muda ijifanye yenyewe, na wakala anayejua kazi yake huipanga kwa dakika chache. Asiyetaka kuipanga ana sababu zake.

Kabla hata ya kufika huko, kuna swali ambalo lingeulizwa kwanza. Je, hilo duka lilihitaji leseni ya kulipia tangu mwanzo? SQL Server ina toleo la Express ambalo ni la bure, ofisini na winguni. Kikomo chake kwa miaka mingi kimekuwa gigabaiti 10 kwa kanzidata moja, na kwenye toleo la 2025 kimepandishwa hadi 50. Watu husikia "kikomo" wakaogopa. Tuseme duka linaandika mistari 1,000 ya mauzo kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni mistari 300,000. Hata kila mstari ukichukua kilobaiti moja nzima, mwaka mzima ni megabaiti 300, na gigabaiti 10 zitajaa baada ya miaka zaidi ya 30. Kinachojaza kanzidata ni picha za risiti na vitambulisho vilivyoskaniwa, na hivyo vinaweza kukaa nje ya kanzidata bila taabu. Express inabanwa pia kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi, kama gigabaiti moja na nusu, kwa hiyo SACCOS yenye wanachama wengi na makarani kumi kwa pamoja itaisikia. Duka la mtu mmoja na wahudumu watatu haliisikii.

Wengine hulitazama suala hili kama amri iliyotoka mbinguni kwamba kila mfumo uwe na leseni ya nje. Halmashauri zetu, ya Manispaa ya Songea ikiwamo, zilikuwa zikifanya hesabu kwenye Epicor, programu ya kununuliwa, kabla Serikali haijahamia MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa hapa nchini. Hatusemi kila muuza mbolea ajenge wake. Tunasema hata mteja mkubwa kuliko wote alifika mahali akabadili.

Turudi Bombambili, kwenye mtandao. Umeme wa Songea umepata nafuu kubwa tangu laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika mwaka 2018, na ile hoja ya jenereta imepungua nguvu. Mtandao ndio wenye maswali. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku kama hizo, aliye na kanzidata ofisini aliendelea kuandika mauzo yake. Mwenye kanzidata yake Afrika Kusini alirudi kwenye daftari, kama analo. Na Afrika Kusini ndiko yaliko mawingu makubwa yaliyo karibu nasi: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Oracle Johannesburg mwaka 2022. Oracle walitangaza mwaka 2024 nia ya kuja Kenya, na Microsoft nao wakatangaza mradi wao huko huko mwaka huo.

Kwa sababu hiyo, maoni ya ukurasa huu kwa duka na SACCOS ndogo ni kwamba leseni iliyolipiwa ikae ilipo, kwenye seva ya ofisini, na kinachopelekwa winguni kiwe nakala ya akiba ya kila usiku. Faili la nakala likilala winguni halihitaji leseni ya kanzidata hata moja, na kodi ya kulihifadhi ni ndogo. Hofu ya mwizi, moto na seva kufa inaondoka kwa njia hiyo, na hiyo ndiyo hofu ambayo wakala aliitumia kufungulia mazungumzo. Nakala ifungwe kwa nywila kabla ya kuondoka, na mara moja kwa mwezi mtu ajaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, maana nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. SACCOS ikumbuke pia kwamba taarifa za wanachama ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sheria hiyo ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Masharti hayo yanahusu nakala kama yanavyohusu kanzidata yenyewe.

Anayeamua kuhama kabisa aiangalie shilingi. Tangu kanuni za Machi 2025 zilizopiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, wakala wa hapa nchini anapaswa kukupa bei kwa shilingi. Mwenye wingu wa nje anakata dola kwenye kadi yako, kwa bei ya dola ya siku hiyo. Halafu kuna kodi ya zuio, asilimia 15 kwa malipo ya huduma yanayokwenda kwa kampuni isiyo mkazi. Kampuni ya nje ikitaka dola zake 100 kamili, wewe unabeba kodi hiyo, na dola 100 zinakuwa 117.65. Mhasibu aitwe kabla ya saini.

Neno kwa wawekezaji wadogo wenye hisa za benki na makampuni kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Leseni za programu zimo kwenye mizania, kwenye mstari wa mali zisizoshikika, zikipunguzwa thamani mwaka hadi mwaka. Kampuni ikihamia huduma ya wingu, sehemu kubwa ya gharama hiyo inatoka kwenye mali na kuingia kwenye matumizi ya mwaka; kamati ya tafsiri za viwango vya kimataifa vya hesabu ilieleza Aprili 2021 kwamba hata gharama za kuutengeneza mfumo uliokodiwa kwa kawaida ni matumizi. Faida ya mwaka wa kwanza inaweza kushuka bila biashara kuharibika. Kinachofaa kuulizwa kwenye mkutano mkuu ni nini kimetokea kwa leseni za zamani. Zimehamia? Zimeuawa vitabuni? Au kampuni inalipa ada ya zile za zamani huku inakodi mpya?

Kwa watumiaji wa Oracle swali hilo ni zito zaidi, kwa sababu ya lumbesa ileile. Ofisini, prosesa nyingi za Intel huhesabiwa nusu: leseni mbili za Enterprise zinatosha viini vinne. Kwenye mawingu ya Amazon na Microsoft, nusu hiyo haitambuliwi. vCPU mbili ni leseni moja, kwa hiyo leseni mbili zinafunika vCPU nne, ambazo ni viini viwili. Kwenye wingu la Oracle wenyewe, leseni hizo mbili zinarudi kufunika viini vinne. Leseni mbili kwa bei ya orodha ni dola 95,000, na nguvu yake inakatwa nusu au inabaki nzima kutegemea umekwenda duka la nani. Mwenye kipimo ndiye mwenye duka. Benki iliyohama bila kulipiga hesabu hili inalipa kwa fedha za wenye hisa, na siku Oracle wakija kukagua, tofauti inadaiwa kwa bei ya orodha kabla ya mazungumzo ya punguzo kuanza.

Kabla ya kumwita wakala kwa mara ya pili, toeni karatasi. Itafuteni ankara ya leseni na hati yake, mwangalie imeandikwa jina la nani. Wapo mawakala wanaosajili leseni kwa jina la kampuni yao na kumwachia mteja risiti tu, na mteja wa namna hiyo hana cha kuhama nacho. Wenye nakala zilizonunuliwa kwenye CD kwa bei ya chai nao hawana, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiwapi pa kujificha. Kwa wenye hati safi na Software Assurance iliyo hai, Microsoft wanatoa siku 180 za kutumia leseni moja pande zote mbili, ofisini na kwenye wingu lao, wakati wa kuhama. Muda huo uandikwe kwenye mkataba na mtu atajwe jina wa kuzima upande wa zamani, maana siku ya 181 ni leseni mbili.

Na wenye SQL Server 2016, ambao ni wengi, waangalie kalenda. Microsoft waliiwekea Julai 14, 2026 kuwa mwisho wa msaada wake, na hiyo ndiyo tarehe ambayo mawakala wanaibeba mfukoni wanapopanda ngazi za ofisi zetu. Mashine haizimiki siku hiyo. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama, na kuna njia tatu za kulikabili hilo: kupanda toleo kwa haki ya Software Assurance bila kununua leseni upya, kushuka kwenda Express kama kanzidata ni ndogo, au kukodi kwa saa. Wakala anayeitaja ile ya tatu peke yake aombwe aandike bei za zote tatu kwenye karatasi moja, kwa shilingi.